Zamu Uliyonishikia

Rukia wangu, Mama Salma,

Nianze na habari njema, maana ulizoea kusema Masudi hawezi kutoa salamu kabla hajajisifu, nami sitaki uone nimebadilika. Mimi ndiye Mswahili mwenye bahati kuliko wote walioko Minnesota. Si maneno yangu, ni ya watu. Ingia kwa kinyozi wetu hapa Brooklyn Park utaje jina langu. Ataachia mashine hewani, mteja kanyolewa upande mmoja, akuambie: yule Masudi? Yule ajali ilimtafuta mpaka kwake ikamkuta ana homa? Mtu aliyeugua siku moja tu katika miaka yake yote ya Marekani, na siku hiyo ndiyo iliyomwokoa!

Kwenye maharusi siku hizi natengewa kiti cha mbele. Biriani ikiisha kuliwa utasikia, "Bwana Masudi, hebu tupe ile ya homa." Nami nawapa, wananijua. Mwaka wa kwanza homa ilikuwa mia moja na mbili kwa vipimo vya huku. Sasa imefika mia moja na nne, meno yanagongana, natoka jasho la kuchota kwa kikombe. Wazee wanatikisa vichwa, wanasema Mungu ana watu wake. Mimi nafuta mdomo, naongeza soda.

Hakuna anayeuliza mwisho wa kisa. Wanaujua. Mwisho wa kisa ni wewe.

Lakini leo sikuandikii kwa ajili ya harusi. Nakuandikia kwa sababu ya funguo. Funguo za gari haziko kwenye msumari wake. Zimo mfukoni mwa koti lako la zambarau, koti limetundikwa mlangoni, na aliyezitia humo ni Salma. Kesho Jumamosi alfajiri mwanao anakwenda Inver Grove Heights, nyumba ile ile, kwa daraja lile lile, kushika zamu ambayo ni yangu. Na simu yangu inalialia tangu mchana: mvua ya barafu kuanzia saa za magharibi, msitoke ila kwa lazima.

Sasa ni saa kumi jioni na jua la huku limeshakata tamaa. Nimekaa jikoni, kwenye kiti chako. Najua ustadhi akiniona atasema, "Masudi, wafu huombewa dua, hawaandikiwi barua." Dua nakuombea, wallahi, kila Ijumaa. Ila dua ina adabu zake, na haya ya leo hayana adabu. Halafu mimi na kalamu unatujua. Nilifika darasa la sita na nusu. Ile nusu nyingine nilimwachia mwalimu. Nimeuza saa Dubai, nimepaka nyumba rangi Johannesburg, nimeendesha lori majimbo arobaini na moja ya nchi hii, na kote huko hakuna aliyeniomba barua. Kwa hiyo vumilia.

Naandika kwenye daftari lako la chuo, kurasa za nyuma ulizoziacha nyeupe. Za mbele nilizifunga kwa mpira tangu wiki ya matanga. Leo mpira umekatika wenyewe nilipolishika daftari. Sikupenda.

Nikupe yaliyobadilika. Mama yangu anapiga simu kutoka Mombasa kila Jumapili. Ameshanitafutia wanawake watatu, wa mwisho ana duka la vitambaa na meno yote. Nikamwambia, "Mama, mwenye meno yote atakuja kunitafuna mimi?" Akakata simu. Sijaoa. Sufuria yako ya pilau bado ina lile pengo. Jirani wa juu amehama, amekuja mwingine anayetembea na viatu ndani ya nyumba saa zote, na kuna siku nasikia hatua zake nikadhani ni mtu anazunguka chumbani kwetu.

Na Salma, Rukia. Salma amekua. Ulimwacha na miaka kumi na mitano, muziki masikioni, mlango umefungwa. Sasa ana kumi na minane. Amesomea kuhudumia wagonjwa, cheti amekipata, na katika nyumba zote za kulea watu wasiojiweza zilizojaa hii miji pacha amekwenda kuomba kazi pale pale. Nilimwambia ziko nyingine Coon Rapids, karibu, unafika kabla chai haijapoa. Bado ni yule yule, anaelewa kila neno la Kiswahili na kukujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nakutafsiria: "Nataka pale alipokuwa Mama."

Unamkumbuka Mzee Walta, yule wa kiti cha magurudumu aliyekuwa hali uji mpaka umwimbie. Siku Salma alipoingia kazini mara ya kwanza amevaa koti lako, mzee alipiga makofi dirishani akasema, "Rukia amerudi." Wakamweleza mara kumi kwamba huyu ni mtoto wa Rukia. Hakubali. Mpaka leo anamwita Rukia, naye anaitika. Ananisimulia huku anacheka. Mimi najitia kuosha vyombo.

Wiki iliyopita nilikuwa hapa hapa natoa mahamri kwenye mafuta. Mlango ukafunguka na baridi ikaingia kwanza. Halafu akaingia mtu mwenye koti la zambarau, kofia ya koti imeshushwa mpaka machoni, skafu imefunga pua na mdomo. Akasimama kwenye zulia. Hakutoa salamu. Theluji ilikuwa inamdondoka mabegani bila sauti. Nikaita jina lako. Kijiko kikaniponyoka kikaingia kwenye mafuta, mkono huu hapa una malengelenge mpaka leo. Yule mtu hakujibu. Akabaki ananitazama, Rukia, kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka kumi, ndipo akavua skafu. Alikuwa na muziki masikioni. Hakunisikia hata kidogo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwanamke wako wa Kigiriki.

Alkesti. Ulipolitaja jina lake mara ya kwanza nilikuambia Ali Kesti huyo lazima ni mtu wa Majengo, nilicheza naye bao. Ulinirushia kitambaa cha sahani. Ulikuwa unasoma lile somo la hadithi za kale kwa sababu chuo kilikulazimisha, eti huwezi kuwa nesi bila kujua miungu ya watu waliokufa zamani. Mimi nakaanga, wewe unasoma kwa sauti na kunitafsiria, na Salma anajifanya hasikii.

Nilikisikiliza kile kisa, ingawa ulidhani nasinzia. Mfalme mmoja siku zake zimefika. Mungu mmoja rafiki yake akamwombea kwa wale wanaokata nyuzi za maisha ya watu, nao wakasema sawa, tutamwacha, ila atafute mtu wa kwenda mahali pake. Akaenda kwa baba yake, mzee amekula chumvi mpaka imebaki kidogo. Baba akakataa. Akaenda kwa mama. Mama akakataa. Mkewe, kijana, ana watoto, akasema, "Nitakwenda mimi." Na mfalme akaitikia.

Unakumbuka nilichosema? Nilisema, "Kumbe miungu yao ilikuwa na meneja kama wetu!" Maana ndiyo sheria ya kazi yetu, au siyo? Ukiumwa, ukifiwa, ukivunjika mguu, hakuna anayekukataza kubaki kitandani. Tafuta tu mtu wa kukushikia zamu. Na mwenzio aliyelala kule na wagonjwa hawezi kufungua mlango akaondoka mpaka amwone anayempokea. Kwa hiyo lazima mtu aende. Sheria hairuhusu zamu ikose mtu. Haijali tu ni nani.

Ulicheka sana. Halafu nikaongeza, nikigeuza mahamri, "Lakini huyo bwana ana bahati, ee!"

Ukaacha kucheka. Ulisema, "Huyo bwana hakumuuliza mara mbili."

Nikakuuliza unamaanisha nini. Ukasema hapana, ni kisa tu.

Wiki tatu baadaye ikawa asubuhi ile.

Nitaiandika jinsi ninavyoisimulia harusini, halafu nitairudia. Mimi niko kitandani, mablanketi mawili, naona viwili viwili. Saa kumi na moja alfajiri. Zamu yangu inaanza saa moja. Nampigia kaka Athmani, anakaa dakika kumi kutoka ile nyumba. Kaka anasema, "Masudi, nimetoka kazini sasa hivi, hata viatu sijavua. Siwezi." Nampigia Papa Jule, yule Mkongomani wetu wa vicheko. Anasema, "Ndugu yangu, leo barabara ni mbaya, mimi sitoki. Pardon." Nakata simu, naguna. Ndipo wewe unaingia na chai ya tangawizi na kipimajoto. Unanitia kipimajoto mdomoni, unakwenda kuniletea blanketi la tatu. Unarudi. Unasoma: mia moja na mbili.

Sehemu hii harusini huwa naipitia haraka. Uliusoma ule mwanga mdogo wa namba kwa muda mrefu. Halafu ulikifuta kipimajoto kwa ncha ya leso yako, polepole, ukakirudisha kwenye kasha lake. Ukasema, "Lala. Nitashika mimi."

Sikukuuliza mara mbili.

Ukapiga simu kule kumwambia aliyelala zamu kwamba unakuja. Ukavaa koti juu ya leso, halafu ukaivua leso ukaiacha kwenye kiti, kwa sababu ilikuwa inakuzuia mguu. Mlangoni uligeuka. Nilidhani utasema neno. Ukasema, "Jioni utapika wewe, mgonjwa." Nikasikia gari likiwaka, likakataa, likawaka. Nikasikia magurudumu yakisaga theluji mpaka kona, halafu kimya. Nilikunywa ile chai. Nilikunywa yote, Rukia, ilikuwa na sukari sawasawa.

Saa tatu mlango uligongwa na watu wasiotujua.

Maziko sitakusimulia, ulikuwepo. Ila kuna jambo lilitokea nyuma yako. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu ya benki, mashine ilichimba tangu usiku. Tulipomaliza kufukia, watu wamesimama wanapuliza mikono, mimi nikamgeukia kaka Athmani. Mbele ya ustadhi, mbele ya mtoto. Nikapiga kelele: "Ungekwenda wewe! Unakaa dakika kumi! Ungevaa tena hivyo viatu, Rukia angekuwa hai!" Nilitaka anipige. Kaka hakunipiga. Alinisogelea akasema taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa akinifundishia kusoma saa: "Mimi nilikataa kwa kinywa changu, Masudi. Wewe ulikataa kwa blanketi."

Tangu siku hiyo hatujasemezana. Huu ni msimu wa tatu wa baridi. Harusini akiingia mlango huu mimi natokea ule. Watu wanadhani ni ugomvi wa urithi.

Kuanzia hapo nilimwambia meneja, nipange popote, usinipange Inver Grove Heights. Akanielewa. Watu wanamwelewa mjane wa kiume, hasa anayechekesha. Miaka miwili na miezi nikawa Coon Rapids, sijalivuka daraja lile hata kwa kupeleka mtu uwanja wa ndege. Nazunguka. Nimepoteza mafuta ya kufika mwezini na kurudi. Lakini kumetokea upungufu wa watu, na juzi orodha ya wiki ilipokuja kwenye simu, Jumamosi asubuhi, Inver Grove Heights: Masudi.

Nikakohoa.

Usidhani nilikusudia. Kikohozi kilitoka chenyewe, kikavu, kama mbwa anayejua njia ya nyumbani. Usiku nikakohoa tena. Jana asubuhi nikakohoa mbele ya Salma. Akaitoa ile mikono yake kwenye mifuko, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, kama ulivyokuwa ukifanya, upande wa nyuma wa mkono. Akachungulia orodha kwenye simu yangu. Akasema kwa Kiingereza, nami sitakutafsiria vibaya, neno kwa neno ni haya: "Lala, Dadi. Nitashika mimi."

Hakuna aliyemfundisha. Hilo neno lako la mwisho chumbani sijamwambia mtu yeyote duniani, hata harusini silisemi. Limetoka wapi?

Na mimi, Rukia... nitakuambia kitu cha kwanza nilichohisi. Sikuhisi hofu. Hofu ilikuja baadaye, nikiwa bafuni. Kwanza nilihisi raha. Mabega yalishuka. Nilisema, "Ahsante, mwanangu." Yakanitoka hivyo hivyo, mepesi, kama mtu anayepokea chai.

Tangu hapo nyumba hii haikai vizuri. Mpira wa daftari umekatika. Kuku wa barafu niliyemtoa asubuhi bado hajalainika mpaka sasa. Mzee Walta, Salma ananiambia, tangu jana hatoki dirishani. Wanamtoa, anarudi, anasema Rukia anakuja Jumamosi. Kunguru wa mji mzima wamehamia kwenye miti ya nyuma ya maegesho, mamia, hawalii, wamekaa tu wakitazama upande mmoja. Ungekuwepo ungesema, "Masudi, kunguru wanatafuta joto, acha sinema." Ungekuwepo ningeacha.

Sasa nirudie kisa, kama nilivyoahidi. Kuna siku moja kabla ya siku ile, na hiyo harusini haipo kabisa.

Siku moja kabla, mimi ndiye niliyelivuka lile daraja kwenda kazini. Mto ulikuwa unatoa mvuke kama sufuria, na ule mvuke ulikuwa umelala juu ya lami na kuganda, barafu isiyoonekana, nyeusi juu ya nyeusi. Gari liliniponyoka. Mimi, dereva wa majimbo arobaini na moja. Lilizunguka mara moja, likazunguka mara ya pili, taratibu, kama mtu anayenionyesha kitu, likasimama limeangalia nilikotoka. Halikugusa chochote. Nikakaa pale mikono imeganda kwenye usukani. Sikuweza kuikunjua, niliibandua kidole kimoja kimoja. Niliona ule ukuta wa daraja, Rukia. Niliona ulivyo mfupi.

Jioni uliniuliza, "Barabara vipi?" Nikakuambia, "Barabara? Kama sakafu ya msikiti. Mimi nikipita barafu inainuka kunipisha." Ulicheka, Salma akacheka. Ningesemaje? Mwanaume niliyeufundisha mtaa mzima kuendesha gari kwenye theluji, niseme kwamba nimeogopa daraja? Kwamba nilipofika kazini nilikaa chooni nusu saa? Nikala pilau, nikajisifu, nikalala. Nikaamka alfajiri nikijua nakwenda kule kule, na mwili ukakataa kutoka kitandani.

Ningeweza kukuambia zunguka, pita daraja jingine. Maneno manne. Lakini mtu mwenye homa ya mia moja na mbili anajuaje habari za daraja? Ningekuambia daraja, ungejua mengine yote. Kwa hiyo nilikuacha uende ukiamini barafu inainuka kuwapisha watu.

Au hukuamini. Hilo ndilo linaloniua leo.

Maana mpira ulipokatika, daftari lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa wa mwisho wa mwandiko wako. Nilikuwa sikijui kile kisa mwisho wake; hukuwahi kunisomea, au nilikuwa nageuza mahamri. Kumbe yule mwanamke anarudishwa. Shujaa mmoja mlevi, mcheshi kama mimi, anakwenda kupigana na kifo makaburini, anamleta akiwa amefunikwa uso, anamkabidhi mumewe. Na mwanamke hasemi. Amesimama pale, hai, hasemi neno hata moja mpaka kisa kinaisha. Mwalimu wenu amewauliza: Kwa nini Alkesti hasemi? Chini yake umeandika mstari mmoja, kwa Kiingereza chako cha herufi za kuviringa. Nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote maishani.

Umeandika: Kwa sababu anajua.

Nikainuka nikaenda kabatini. Leso yako ile ya asubuhi ile sijaifua, nimeikunja ndani ya mfuko. Nimeitazama ncha yake kwenye mwanga wa dirisha. Kuna doa. Dogo, la kahawia, mduara kama sarafu. Nimelinusa. Baada ya misimu mitatu bado lina tangawizi.

Ulijua. Ulikifuta kikalowesha leso, ukajua, ukavaa viatu. Na mlangoni ukasema "mgonjwa," na mimi nikadhani umenionea huruma.

Mvua imeanza sasa hivi. Nasikia inavyogonga kioo, si kama maji, kama mchele. Salma yuko chumbani kwake anapiga pasi nguo za kazini, nasikia mvuke wa pasi. Ana mpango wa kulala mapema. Barabara itakuwa bado ni lami kwa saa moja, labda moja na nusu, halafu itakuwa ile nyingine.

Nimefikiri hivi. Wenzetu wenye akili siku za namna hii huwa hawangoji alfajiri. Huondoka jioni wakalala kwenye kochi la kule kule kazini, wakaamka zamu iko miguuni. Hata asubuhi yako ile tungeweza kufanya hivyo kama ningefungua kinywa jioni yake. Kwa hiyo naondoka sasa hivi. Nitalivuka daraja lile, silizunguki, nitalivuka kama bibi harusi anavyoshuka ngazi. Nikifika nitampigia kaka Athmani. Anakaa dakika kumi. Nitamwambia alikuwa na haki, na kama anataka kunitukana aje anitukane mbele ya Mzee Walta, mzee anapenda kelele. Na mzee nitamwambia mimi mwenyewe kwamba Rukia haji Jumamosi.

Ila kabla sijatoa funguo kwenye koti kuna kazi moja. Salma Kiswahili cha kuandikwa kinamshinda, angechukua juma zima na barua hii na bado angenitetea. Kwa hiyo nitamwita aje akae hapa, nami nitamsomea kwa sauti, kuanzia juu pale nilipojisifu mpaka herufi ya mwisho. Kaka alisema kuna watu wanaokataa kwa kinywa na wanaokataa kwa blanketi. Nataka mtoto anisikie nina kinywa. Baada ya hapo kama hatataka kuniita Dadi, ni sawa. Awepo tu, anichukie akiwa na joto ndani ya nyumba hii.

Nakuahidi, Rukia: hakuna mtu atakayekwenda tena mahali pangu. Si mtoto huyu, si mtoto wa mwenzangu, si mtu yeyote. Zamu yangu ikiitwa, nitaitika mimi. Na harusi ijayo wakinitengea kiti cha mbele, nitakaa nyuma karibu na sufuria, na wakisema hebu tupe ile ya homa, nitawapa hii.

Pumzika, mke wangu. Kama kule uliko mnaruhusiwa kusema, usinisemee. Msemee Salma njia iwe nyeupe mbele yake.

Namsikia amezima pasi. Sasa namwita.

Sina bahati yoyote, Rukia. Sikuwa na homa. Nilikichovya kipimajoto kwenye chai.